Duka la Pombe Uchochoroni: Maswali ya Wasomaji wa Mombasa Kuhusu Leseni

Tangu safu hii ilipogusia juujuu suala la maduka ya mtaani yanayogeuzwa kuwa maduka ya pombe, barua zimemiminika kutoka kila upande wa Mombasa, na nyingi zinafanana: jirani ameomba leseni, wakazi wamekasirika, mwenye duka naye anaona anaonewa, na hakuna anayejua hasa uamuzi hufanyiwa wapi, na nani, na kwa kutazama nini. Nimechagua tano. Nimezifupisha na kuacha majina, kwa sababu baadhi ya walioandika wanaishi ukuta kwa ukuta na watu wanaowalalamikia. Mimi si wakili; nimekaa tu miaka mingi kwenye viti vya nyuma vya vikao vya leseni, daftari mapajani, nikitazama nani anatoka akitabasamu na nani anatoka akilaani. Anayekusudia kwenda mahakamani amtafute wakili.

Swali: Assalaam aleikum. Mimi ni mama wa watoto wanne, mkazi wa Mishomoroni. Uchochoro wetu una madrasa inayosomesha watoto zaidi ya sitini, alasiri za kila siku na asubuhi za Jumamosi. Mwezi uliopita duka tulilozoea kununua unga na mafuta ya kupikia lilipakwa rangi upya, likatiwa nondo dirishani, kisha tukasikia kwamba mwenyewe ameomba leseni ya kuuza pombe ya kubeba. Wazee wa mtaa walikusanya sahihi za watu karibu themanini wakampelekea chifu. Chifu aliwapokea vizuri na kuwaambia kwamba atazifikisha. Tangu siku hiyo, kimya. Je, leseni ikitolewa, sahihi zetu zitakuwa zimekwenda bure? Na je, madrasa huhesabiwa kuwa shule?

Jibu: Waaleikum salaam, mama yangu. Sahihi zenu hazijapotea, ila zimelala kwenye meza isiyokuwa yake. Chifu ni afisa wa serikali ya kitaifa, na leseni za pombe, kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, ni kazi ya serikali ya kaunti. Ninaelewa kwa nini wazee walimkimbilia yeye. Sheria ya taifa ya kudhibiti vileo ya 2010, ambayo wengi wetu bado tunaiita sheria ya Mututho kwa jina la aliyekuwa mbunge wa Naivasha, John Mututho, ilianza kwa kamati za wilaya zilizoongozwa na mkuu wa wilaya, na njia ya kumfikia mkuu wa wilaya ilipitia kwa chifu. Ugatuzi ulipoanza 2013 kazi hiyo ilihamia kaunti, na mwaka 2014 Mombasa ikapitisha sheria yake yenyewe ya leseni za vileo. Mazoea yetu ndiyo yaliyobaki nyuma. Chifu anaweza kuulizwa kuhusu usalama wa mtaa, lakini maelezo yake hayawezi kusimama mahali pa pingamizi lenu.

Nendeni, basi, kwenye ofisi ya kaunti ndogo ya Kisauni mkaulize kama ombi la duka hilo limepokelewa na kama siku ya kikao cha kamati ya leseni imepangwa. Majina ya waombaji na mahali yalipo maduka yao yanapaswa kutangazwa kabla ya kikao, ili mtu kama wewe apate nafasi ya kusema. Mkilikuta jina, msirudi nyumbani kupiga simu. Pigeni picha ya tangazo hilo, na tarehe yake ionekane.

Pingamizi lenyewe ni barua. Chini ya sheria ya 2010 mtu yeyote anaweza kupinga ombi, mradi aandike, ataje sababu zake, na amkabidhi mwombaji nakala ya sababu hizo siku saba au zaidi kabla ya kusikilizwa. Siku ya kikao mtoa pingamizi anaweza kufika mwenyewe au kumtuma wakili. Sharti la kumkabidhi jirani nakala ndilo linalowaponza wengi, kwa sababu watu wa mtaa mmoja huona haya kupelekeana karatasi. Wanaiona kama uadui. Kinyume chake ndiyo kweli: ukimpelekea mapema umempa heshima ya kujua unachokwenda kusema juu yake, na usipompelekea umempa wakili wake sababu ya kuomba barua yako iwekwe kando kabla haijasomwa. Kama huwezi kumpelekea mwenyewe, ipeleke kwa posta ya rejista na uhifadhi risiti. Nakala ya kamati nayo hakikisha imegongwa muhuri wa kupokelewa, nawe ubaki na nakala yenye muhuri huo.

Nimewahi kuona mwenyekiti akipokea rundo la sahihi, akalifunua hadi ukurasa wa mwisho, kisha akarudi wa kwanza na kuuliza, “Sababu ziko wapi?” Juu ya majina yote yale palikuwa na sentensi moja tu: hatutaki pombe hapa. Sahihi themanini zina uzito, sikatai, lakini uzito huo ni wa kuonyesha kwamba malalamiko si ya mtu mmoja mwenye kinyongo. Kinachoamua ni maelezo ambayo kamati inaweza kuyaandika kwenye kumbukumbu zake na kuyatetea iwapo mwombaji atakata rufaa. Andikeni upana wa uchochoro, muda ambao watoto hupita hapo, umbali wa duka kutoka mlango wa madrasa, na idadi ya maduka ya pombe yaliyopo tayari katika eneo hilo. Hili la mwisho husahaulika sana, ilhali sheria inaitaka kamati ijiridhishe kwamba leseni mpya ni kwa manufaa ya umma na kwamba maduka yaliyopo hayatoshi kwa idadi ya watu wa mahali hapo. Mkiweza kuonyesha kwamba mtu akitoka kwenu hupita maduka manne ya pombe kabla ya kufika kituo cha matatu, mmegusa swali ambalo kamati inalazimika kulijibu.

Sasa madrasa. Sheria ya 2010 inataka mahali pa kuuzia pombe pawe umbali wa mita 300 au zaidi kutoka shule ya chekechea, ya msingi, ya sekondari, au taasisi nyingine ya mafunzo ya watu walio chini ya umri wa miaka 18. Neno la kushika hapo ni hilo “taasisi nyingine ya mafunzo”. Sheria haikusema lazima iwe inafuata mtaala wa Wizara ya Elimu, wala haikusema masomo yawe ya asubuhi. Madrasa yenye walimu, ratiba, madarasa na watoto wa miaka sita hadi kumi na sita ni taasisi ya mafunzo ya watoto kwa maana ya kawaida ya maneno hayo, na hiyo ndiyo hoja mtakayoisimamia. Ila msiiache hoja isimame peke yake. Mleteni maalim aje na daftari la mahudhurio, ratiba, na cheti cha usajili cha msikiti au chama kinachoimiliki madrasa, pamoja na kitu cha kuonyesha ilianza mwaka gani, kwa sababu swali la nani alimtangulia mwenzake huulizwa mapema sana. Nimeona madrasa ikikataliwa kwa sababu ya kudhihirika kuwa ni sebule ya mtu inayosomesha watoto watano mara moja kwa wiki. Yenu si hiyo, lakini kamati haijawahi kuiona.

Umbali upimeni mara mbili: mara moja kwa kufuata njia ambayo mtoto hupita kwa miguu, na mara ya pili kwa mstari wa moja kwa moja kwenye ramani ya simu. Uchochoro unaopinda unaweza kugeuza mita 180 za mstari ulionyooka kuwa mita 320 za kutembea, na mwombaji atachagua kipimo kinachomfaa. Peleka vyote viwili.

Jambo moja nitalisema kwa upole kwa sababu najua litawaudhi baadhi ya wazee wangu. Hoja ya kwamba mtaa wetu ni wa Waislamu, kwa hiyo pombe isiuzwe, haitoshi kuibeba barua. Kifungu cha 8 cha Katiba kinasema Kenya haina dini ya taifa, na kamati ikikataa ombi kwa sababu hiyo pekee, uamuzi wake utapinduliwa. Watoto, njia nyembamba na wingi wa maduka ni sababu ambazo jirani yenu Mkristo anaweza kuzitia sahihi pia, na sahihi yake itawafaa.

Na ikiwa leseni imeshatolewa mkiwa bado mnangoja jibu la chifu, fahamuni kwamba leseni hudumu miezi kumi na miwili, na kila inapofanywa upya ni nafasi nyingine ya kusikilizwa. Leseni ya pombe ya kubeba haimruhusu mnunuzi kufungua chupa na kuketi kwenye baraza ya duka. Mkiona hivyo, andikeni siku na saa. Daftari la miezi mitatu lenye tarehe kumi na nne ni ushahidi mzuri kuliko hasira ya mwaka mzima. Mnaweza pia kuiomba kaunti, kwa maandishi, nakala ya uamuzi na sababu zake chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, ambayo inampa afisa siku 21 za kujibu. Akinyamaza, malalamiko huenda kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Swali: Nina duka Mikindani kwa miaka kumi na mmoja. Nauza bidhaa za nyumbani, soda, maziwa na mkate. Nina kibali cha biashara cha kaunti, nalipa kila mwaka. Mwaka huu niliomba leseni ya kuuza bia na mvinyo wa kubeba, nikalipa ada ya ombi, afisa wa afya akaja kukagua, halafu nikaambiwa kwa mdomo kwamba nimekataliwa. Hakuna barua. Mwenzangu aliye mita mia mbili kutoka kwangu amepata. Kuna mtu amenijia akisema anaweza “kuisukuma” kwa elfu ishirini. Nifanye nini?

Jibu: Kaka, huyo mtu mwache aende zake. Hata kama anamjua mtu ofisini, atakachokupa ni karatasi ambayo siku ya msako haitapatikana kwenye rejista, na wewe ndiwe utakayesimama mbele ya hakimu, si yeye.

Kukataliwa kwa mdomo si uamuzi unaoweza kuufanyia lolote, na hapo ndipo pa kuanzia. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya hatua ya kiutawala iliyo ya haki, ya haraka na ya kisheria, na kinasema kwamba mtu ambaye haki yake imeathiriwa ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sheria ya Haki katika Hatua za Utawala ya 2015 inaendeleza hapo: ofisi isipotoa sababu, uamuzi wake huchukuliwa kuwa ulifanywa bila sababu nzuri, hadi ofisi hiyo ithibitishe vinginevyo. Andika barua fupi, taja nambari ya risiti yako na tarehe ya ukaguzi, kisha uombe sababu. Usimtaje mshindani wako katika barua hiyo. Usiandike kwamba umeonewa. Unachotafuta sasa ni karatasi, kwa sababu rufaa hukatwa dhidi ya karatasi, na mahakama nayo itakuuliza kwanza kama ulimaliza njia za rufaa zilizomo ndani ya sheria ya leseni kabla ya kufika kwake.

Sababu zikija, kuna uwezekano mkubwa zikawa moja kati ya hizi mbili. Ya kwanza ni kwamba duka lako linauzia watoto. Mtoto wa miaka tisa anatumwa mkate na maziwa kwako, na kreti za bia ziko nyuma ya friji ileile. Sheria ya 2010, inapozungumzia supamaketi, inataka pombe iwekwe sehemu ya peke yake isiyofikiwa na watoto, na sioni kwa nini kamati ilichukulie duka dogo kwa ulegevu zaidi. Kama chumba chako ni kimoja, fikiria kukigawa kwa ukuta na kutoboa mlango wa pili kabla hujaomba tena, na uambatanishe mchoro. Kibali chako cha biashara, hata ukiwa umekilipia miaka kumi na mmoja mfululizo, ni cha bidhaa za nyumbani tu.

Sababu ya pili ni ile ile niliyomwambia mama wa Mishomoroni, ikigeuka upande wako: maduka yanayotosha. Mwenzako akiwa ametangulia kwa wiki moja tu, kamati inaweza kusema kwamba mahitaji ya eneo yamekwisha kutimizwa, na utaona kama dhuluma ingawa kisheria si dhuluma. Hapo umbali wa mita mia mbili unaoulalamikia ndio unaokuangusha. Lakini kama mwenzako alipewa baada yako, au kama yuko karibu na shule kuliko wewe, hilo liulizwe, na liulizwe kwa rufaa yenye tarehe.

Nisikufiche kwamba kamati zimekuwa na woga zaidi katika miaka hii ya karibuni, na woga huo una chanzo. Mnamo Februari 2024 zaidi ya watu kumi walikufa Kirinyaga baada ya kunywa pombe yenye sumu, na mwezi uliofuata Waziri wa Usalama wa Ndani wa wakati huo, Kithure Kindiki, akatangaza hatua kali, zikiwemo za kufunga mahali pa kuuzia pombe palipo ndani ya makazi ya watu na karibu na shule. Tangu hapo mwombaji aliye katikati ya nyumba za watu anaingia kwenye kikao akiwa na mlima wa kupanda, hata kama mikono yake ni safi. Mwenye duka anayekuja na barua za majirani wawili wa ukutani wanaosema hawana pingamizi huwa amepanda nusu ya mlima huo. Wewe una miaka kumi na mmoja pale. Waombe.

Swali: Mimi ni mzee wa Mji wa Kale, nimestaafu bandarini. Gavana wetu alipiga marufuku muguka, yale majani ya jamii ya miraa yanayotafunwa, mwaka 2024 kwa amri ya siku moja. Kwa nini asifanye hivyo kwa maduka yote ya pombe ya mitaani, badala ya kutusumbua na vikao na mapingamizi?

Jibu: Shikamoo mzee. Amri hiyo ya muguka ndiyo funzo lenyewe. Gavana Abdulswamad Shariff Nassir aliitoa mwishoni mwa Mei 2024, akikataza kuingizwa, kuuzwa na kutumiwa kwa muguka Mombasa. Kilifi na Taita Taveta zikafuata. Hazikupita siku nyingi, Mahakama Kuu ya Embu ikaisimamisha kwa muda, na Rais William Ruto akasema marufuku hizo hazina nguvu kwa kuwa zao hilo linatambuliwa na sheria za taifa. Wengi kwenye mabaraza ya hapo kwenu walilia kwamba mahakama imewaacha watoto wetu. Mimi nililia kwa sababu nyingine: nguvu nyingi za umma zilimwagwa kwenye karatasi ambayo haikupitia bunge la kaunti, wakati mabanda ya kuuzia yangeweza kudhibitiwa moja moja kwa sheria ndogo.

Pombe iko katika hali hiyohiyo, na kwa nguvu zaidi. Ni bidhaa halali kwa sheria ya taifa, na serikali ya kitaifa inaitoza ushuru. Katiba imeipa kaunti leseni, yaani uwezo wa kuamua nani auze, wapi, saa ngapi na kwa masharti gani. Haikuipa uwezo wa kuifuta bidhaa yenyewe. Kaunti inayokataa maombi kumi, moja baada ya jingine, kila moja kwa sababu zake, inaweza kusimama mahakamani mara kumi. Inayokataa yote kwa amri moja huanguka mara moja na kuanguka nayo maombi yaliyostahili kukataliwa.

Ukitaka sheria yenyewe ibadilike, mzee wangu, mlango upo. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inamruhusu mkazi kuwasilisha ombi rasmi kwa bunge la kaunti, likitaka jambo lolote lililo chini ya mamlaka yake litungwe, lirekebishwe au lifutwe. Unaweza kuomba kwamba Mji wa Kale, kwa wembamba wa njia zake, uwekewe kikomo cha idadi ya leseni. Mwakilishi wa wadi yako anaweza kulifikisha, na Kifungu cha 196 kinalilazimu bunge hilo kushirikisha umma. Hata mswada wa fedha wa kila mwaka, unaopanga ada za leseni, huletwa kwenye vikao vya maoni ambavyo mara nyingi hujaa wenye baa na kukosa kabisa wenye nyumba.

Swali: Marehemu mama yangu aliuza mnazi Mwakirunge maisha yake yote, na sasa nauza mimi. Askari wa kaunti wamekuja mara mbili wakidai leseni. Nimewaambia mnazi ni mila yetu, si pombe ya dukani. Hata mahari hailipwi bila kadzama, kile kibuyu cha mnazi. Je, nina haki?

Jibu: Dada, kwenye mila una haki, kwenye leseni huna. Sheria ya 2010 inaposema kileo inajumuisha kinywaji cha kienyeji, na kipimo chake ni nusu ya asilimia moja ya alkoholi. Mnazi huvuka kipimo hicho ukiwa bado juu ya mti, kwa kuwa utomvu huanza kuchachuka mara unapodondoka kwenye kibuyu. Hadi mgema ashuke, hata ule mnazi mtamu unaoonjeshwa wageni umekwisha kuwa kileo mbele ya sheria. Kutaja mahari hakutakusaidia, kwa sababu askari hawakukuulizia kadzama ya harusi. Wameuliza kuhusu mangwe, mahali ambapo mtu yeyote anafika, analipa, anapewa kata na mrija, anakunywa.

Hata hivyo sikubali kwamba mangwe lipimwe kwa kanuni iliyoandikwa kwa ajili ya baa ya barabarani, na ungekuwa karibu ningekusindikiza kikaoni uyaseme haya mwenyewe. Unauza kinywaji kisichokaa siku mbili, kilichogemwa umbali wa kutembea kwa miguu, kwa wateja unaowajua kwa majina ya baba zao. Hayo ni mambo ya kuelezwa katika ombi: minazi ni ya nani, mgema ni nani, anapanda mara ngapi, na mnazi uliobaki jioni unapelekwa wapi. Methali yetu inasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hofu ya afisa wa afya siku hizi ni vitu vibaya zaidi kuliko maji, na muuzaji anayeweza kumtaja mgema wake amemwondolea nusu ya hofu hiyo. Choo, maji ya kunawa na umbali kutoka shule havitasamehewa. Omba sasa, ukiwa hujashtakiwa, na ukilipa ada dai risiti ya kaunti yenye nambari. Askari akija mara ya tatu muonyeshe risiti ya ombi, lakini usiendelee kuuza kwa kuitegemea, kwa sababu si leseni.

Swali: Nafanya kazi kaunta ya supamaketi Likoni. Wateja wanabishana nami: wengine wanasema umri wa kununua pombe sasa ni miaka 21 na kwamba supamaketi zimepigwa marufuku kuiuza. Lipi ni kweli?

Jibu: Wanachokitaja ni sera ya taifa ya kuzuia na kudhibiti pombe na dawa za kulevya, iliyozinduliwa mwishoni mwa Julai 2025, ambayo kweli ilipendekeza umri upandishwe kutoka 18 hadi 21 na mauzo ya supamaketi na ya mtandaoni yakomeshwe. Kelele zilipozidi, NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, yenyewe ilifafanua kwamba sera si sheria na kwamba mapendekezo hayo yangehitaji kupitia Bunge. Mwenye kukupa masharti kwenye kaunta yako ni leseni iliyotundikwa ukutani na sheria ya 2010: usimuuzie aliye chini ya miaka 18, usiuze pombe ya vipakiti, na usimruhusu mtoto aingie sehemu ya vileo hata akiwa ameshikwa mkono na mzazi. Mteja akikasirika kwa kuombwa kitambulisho, mwelekeze kwa meneja, kwa sababu leseni imeandikwa jina la duka, nalo ndilo litakaloitwa kwenye kikao cha kuifanya upya.